Jumamosi Tatu za Nyumba Bila Jiko

Haya yanayosimuliwa hapa ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Msimulizi anaapa kwa macho yake mawili, moja zima na jingine lenye mtoto wa jicho, na kwa pensheni yake ya reli ambayo ni ndogo lakini ya halali. Tena ameweka dau mbele za watu: atakayemkamata na uongo, hata mmoja, amvue koti alilovaa. Ni koti la kaki, la mshono wa mwaka wa Uhuru, na mpaka leo hakuna aliyelivua.

Mwaka huo wa 1961, nyumba ya Bernadeta pale Mabatini, Mwanza, ilikuwa na vyumba vitatu vya kupangisha, na katika kila chumba alikaa mwanamume aliyeachana na mkewe. Hawakupangwa hivyo na mtu. Chumba cha mbele alikaa Salehe, fundi cherehani. Cha kati alikaa Jairo, mpakiaji wa bandarini, mtu wa upande wa Shirati. Cha nyuma alikaa Ngosha, Msukuma wa reli, aliyejifunza kusoma mwenyewe kwa kuokota magazeti yaliyofungiwa nyama. Jiko lilikuwa moja, uani, na ndilo lililowafanya marafiki, maana hakuna hata mmoja wao aliyejua kulitumia.

Siku moja ugali wa Jairo uliungua mpaka ukashikana na sufuria.

"Jairo, huu si ugali," Salehe alisema, akiugonga kwa kijiko. "Hili ni tofali. Likajengewe benki."

"Kula wewe, omera, ndugu yangu. Adongo aliponikimbia aliniachia unga, hakuniachia akili ya kuupika."

"Wa kwako kaacha unga!" Ngosha akadakia. "Mimi Kija hakuacha kitu. Nilirudi kutoka kazini nikakuta pazia la mlangoni tu. Nikalifunua kwa adabu, nikapiga hodi, kumbe ndani hakuna hata wa kuniambia karibu."

Wakacheka wote watatu, Jairo akifuta machozi kwa mgongo wa mkono wenye masizi. Bernadeta, mjane wa Kihaya asiyependa kelele, akatoka na mwiko wake.

"Mngewachekesha wake zenu namna hiyo," alisema, "leo mngekuwa mnalala makwenu."

Aliyeacha kucheka wa kwanza alikuwa Salehe. Wenzake mambo yao yalikwisha. Adongo alikwisha olewa huko Shirati na ng'ombe wa Jairo walikwisha rudishwa. Kija hakujulikana alipo. Lakini mke wa Salehe, Mastura binti Ally, alikuwa kwa kaka yake Kirumba, ndani ya eda. Salehe alimpa talaka ya kwanza miaka mingi nyuma kwa hasira za ujana, akamrudia. Mwezi wa nane mwaka huo akampa ya pili. Alibakiwa na moja, na alibakiwa na muda mpaka eda iishe. Akitamka kumrudia kabla ya hapo, mke wake. Eda ikipita, aanze upya na mahari kama mgeni.

Na hiyo ya pili aliitoa kwa ajili ya suruali. Siku moja akiwa na homa, Mastura alikaa kwenye cherehani akamalizia suruali ya karani mmoja wa pamba. Karani alipokuja kuichukua, akaigeuzageuza mbele ya wateja wengine, akasema, "Fundi, leo mshono umenyooka kama reli. Umebadilisha macho?" Kabla Salehe hajajibu, binti yao Moza, mtoto wa miaka saba, akasema kwa furaha, "Kashona mama!" Watu wakacheka. Salehe, mbele ya wote, akamwacha mkewe.

Tangu siku ile kila mshono aliopiga ulimwenda upande.

*

Wazo la mchezo lilikuwa la Ngosha. Mji mzima ulikuwa unajiandaa kwa Uhuru, na ukumbi wa jamii ulikuwa unatafuta vikundi vya kuburudisha watu Jumamosi alasiri. Ngosha akanunua daftari na penseli, akaandika. Kichwa cha mchezo kilikuwa *Nyumba Bila Jiko*: wanaume watatu walioachana na wake zao wanakaa nyumba moja, na kila wiki wanaharibu jambo jipya.

"Hatuna haja ya kuigiza," aliwaambia. "Tutabeba sufuria yetu twende nayo."

Salehe alishona koti moja la kaki. Kwenye mchezo, anayelivaa koti ndiye mume, na hapo hapo lazima aanze kuamrisha. Mke alikuwa ufagio wa mti uliovishwa kanga, jina lake Bi Zaituni. Jairo alipika, Salehe alivaa koti na kugombana na ufagio, na Ngosha alikaa nyuma ya pazia na daftari, akiwanong'oneza wanaposahau. Mlangoni alisimama Bernadeta. Alimnusa kila anayeingia, na mwenye harufu ya pombe alirudishwa barabarani hata akiwa jumbe.

Jumamosi ya kwanza walitegemea watu ishirini. Wakaja mpaka wakakaa madirishani. Salehe alipoufokea ufagio kwa sababu ya chumvi, kisha akaupa talaka, na ufagio ukamwangukia kichwani, watu walicheka hata benchi moja likavunjika. Kicheko kile kilivuka maji, wavuvi wa Kigongo wakatweka haraka wakidhani ni radi. Msimulizi hawezi kuongeza wala kupunguza.

Jumamosi ya pili ilikuwa zaidi. Salehe alipita sokoni watoto wakimfuata: "Baba Zaituni! Baba Zaituni!" Wateja waliokuwa wamemhama wakaanza kurudi, wakimwambia, "Hebu fanya kidogo ile ya ufagio." Naye alifanya. Kwa miezi mitatu watu walikuwa wakimcheka nyuma ya mgongo. Sasa walimcheka usoni, na aliona hiyo ni heshima.

Kitu kimoja kilimkera. Kola ya koti ilikataa kukaa. Aliishona, akaifumua, akaishona tena, ikasimama upande mmoja kama sikio la mbwa aliyesikia jambo. Mwishowe akaing'oa, akaifunga katika karatasi pamoja na koti, akampa Jairo.

"Peleka Kirumba, kwa mama Moza."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Ataona."

Jairo alirudi kesho yake na lile furushi. Kola ilikuwa imekaa sawasawa, mshono mdogo mdogo usioonekana mpaka uinamie. Salehe aliinama. Alikaa ameinama muda mrefu hata Jairo akaondoka polepole, akafunga mlango.

*

Siku ya Jumatano Salehe alikwenda Kirumba. Mlamu wake Shaibu, kaka yake Mastura, muuza mafuta ya taa, hakumkaribisha ndani. Alimwonyesha gogo la kupasulia kuni, karibu na kuku wa ndani ya tenga.

"Kaa hapo, shemeji. Ndani kuna mtu yumo edani."

Salehe akakaa. Kuku wakamnyea kiatu kupitia matundu ya tenga. Akajifanya hakuona, na Shaibu akajifanya hakuona kwamba Salehe ameona.

"Nimekuja kumrudia mke wangu," alisema.

"Alhamdulillahi. Basi sema. Mimi nipo, jirani yule pale yupo. Mashahidi wawili. Sema twende zetu kazini."

Maneno yenyewe hayajai kiganja. Angeyasema pale pale juu ya gogo, kuku wakisikia, na hadithi hii isingekuwapo. Lakini kabla hajafungua kinywa, sauti ya Mastura ikatoka nyuma ya pazia la mlango.

"Baba Moza."

"Naam, mama Moza."

"Uliniacha mbele ya wateja. Walicheka. Na mimi nataka unirudie mbele ya watu, wasikie."

"Haki yako."

"Aseme Ijumaa msikitini," Shaibu akasema. "Watu watakuwepo wengi."

Na hapo Salehe akafanya kosa. Aliufikiria msikiti, watu wakikohoa na kutafuta viatu vyao. Kisha akaufikiria ukumbi, watu wamejaa madirishani.

"Jumamosi ukumbini," alisema. "Mwisho wa mchezo. Nitavua koti, nitashuka jukwaani, nitamrudia mbele ya Mwanza nzima."

Shaibu akatikisa kichwa. "Shemeji, jambo la dini hilo, si la kuchezea na fagio."

"Ni mwisho wa mchezo, Shaibu. Mchezo utakuwa umekwisha."

 Nyuma ya pazia Mastura akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Kola ilikaa?"

"Sijaivaa bado. Naiweka kwa Jumamosi."

Akacheka kidogo. Salehe alitembea kwa miguu kutoka Kirumba mpaka Mabatini, na hakumbuki alipita wapi.

*

Jumamosi ya tatu ilikuwa tarehe ishirini na tano Novemba. Eda ilikuwa imebakiza siku chache tu. Mastura alikuja na Moza, wakakaa upande wa wanawake, benchi la tatu. Alivaa buibui jipya. Shaibu alikaa upande wa wanaume pamoja na yule jirani, tayari kwa ushahidi, wameoga.

Mchezo ulianza vizuri, lakini watu walikuwa wamekwisha uzoea. Jairo aliunguza ugali, wakacheka nusu. Alilia kwa ajili ya unga, mtu mmoja akapiga miayo. Salehe akaingia na koti lake, kola imelala shingoni kama mkono wa mtu, akaanza kuufokea ufagio. Alisikia kwamba ukumbi umepoa. Kila mchekeshaji anaijua hali hiyo: jasho linatoka lakini la baridi.

"Bi Zaituni binti Fagio!" aliita. "Chumvi hii umeitoa wapi, ziwani? Ziwa letu halina chumvi! Basi nakuacha!"

Wakacheka watu wachache, wale wa mbele. Mtu akakohoa.

Ndipo mlevi mmoja aliyekuwa nyuma kabisa ya ukumbi, mtu wa kuja tu, aliyeshuka melini siku ile na hakuonekana tena Mwanza, akapaza sauti: "Mtaje jina lake hasa! Mtaje!"

Ukumbi ukafufuka. Vijana wa madirishani wakaidaka: "Mtaje! Mtaje! Mtaje!" Wakapiga makofi kwa mpigo mmoja. Jairo, aliyekuwa na sufuria mkononi, alimtazama Salehe akatikisa kichwa. Salehe hakumwona. Alikuwa anausikia ukumbi, unarudi kwake kama maji.

Akauinua ufagio juu.

"Mastura binti Ally!" alisema kwa sauti ya mchezo. "Nimekuacha! Talaka yako hii, shika!"

Akautupa.

Msimulizi amewahi kusikia radi za ziwani na mabomu ya kupasulia miamba ya reli, lakini hajasikia kishindo kama kile. Watu walipanda juu ya mabenchi. Inasemekana kiboko mmoja alitoka majini akasimama ufukweni kusikiliza, na aliyemwona ni mtu mzima mwenye watoto. Lakini upande wa wanawake haukucheka. Jairo, Mkristo wa watu, alikuwa amekaa na Waislamu miaka ya kutosha. Aliiachia sufuria ikaanguka, na watu wakaicheka hiyo pia.

Mastura alisimama. Alirekebisha buibui lake, akamshika Moza mkono, wakaanza kupita katikati ya magoti ya watu, "Hebu tupite, samahani, hebu tupite."

Salehe alikuwa bado anatabasamu. Lile tabasamu lilibaki usoni kama mzigo aliosahau kuutua. Halafu akaruka chini.

"Nimemrudia!" alipiga kelele. "Nimemrudia mke wangu! Jamani shuhudieni! Shaibu! Nimemrudia!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Walidhani ndio mwisho wa mchezo. Na kweli, ndivyo mwisho wa mchezo ulivyokuwa umeandikwa.

*

Asubuhi yake waliitwa kwa Shaibu, Salehe na wenzake wawili. Sheikh alikuwa mzee mpole, mshona kofia, na alikuwa amekuja na kofia yake aliyokuwa hajaimaliza, akiitia sindano huku akisikiliza. Mastura alikaa nyuma ya pazia la mlango.

"Mwanangu," sheikh alisema, "talaka haina mzaha. Anayeitamka kwa kucheka na anayeitamka kwa kulia ni mamoja. Lakini anayesoma maneno ya mwenzake si sawa na anayesema ya kwake. Nasikia kuna daftari."

"Lipo," Ngosha akasema haraka, akalitoa kwapani. "Kila neno la mchezo limeandikwa humu."

"Basi Salehe atusomee. Kama jina la mkewe limeandikwa humo, alikuwa anasoma tu, na mimi nina njia ya kumsaidia. Kama si hivyo, hiyo ni ya tatu, na mimi sina njia."

Salehe akapewa daftari. Akafungua ukurasa wa ufagio. Palipokuwa pameandikwa Zaituni karatasi ilikuwa imesuguliwa mpaka inaonyesha upande wa pili, na juu yake, kwa penseli iliyochongwa upya, pameandikwa Mastura binti Ally.

Alimtazama Ngosha. Ngosha alimtazama kwa macho ya mtu anayesukuma gari lililokwama: soma, soma, ng'wanawane, mwanangu wee, soma tu.

Lilikuwa neno la kusoma tu. Angelisoma, wangekula chakula cha mchana pamoja, na jioni angemchukua mkewe wakaenda nyumbani. Salehe aliinamisha kichwa, na chini ya pazia akaiona miguu ya Mastura, iliyopakwa hina mpya kwa ajili ya jana. Miguu ile haikutikisika. Ilikuwa inangoja kumsikia. Na yeye, aliyemdanganya kila mteja kwamba nguo itakuwa tayari kesho, aliona kwamba hawezi kulala na mwanamke huyu maisha yao yote juu ya neno lililofutwa kwa mpira.

"Halikuwamo," alisema. "Limeandikwa leo."

"Salehe!" Ngosha akasema.

"Ulipolitaja," sheikh akauliza taratibu, "ulimkusudia nani?"

"Yeye. Sina mwingine wa kumkusudia."

Sheikh akaacha kushona. "Basi ni ya tatu. Hakuhalalikii mpaka aolewe na mume mwingine ndoa ya kweli, na mume huyo amwache au afe."

Shaibu, ambaye usiku mzima alikuwa akitafuta mlango wa kutokea, akakohoa. "Kuna mtu mmoja namfahamu, mzee, hana makuu. Anaweza kumwoa wiki moja, kisha—"

"Kaka," Mastura akasema nyuma ya pazia. "Mimi si nguo ya kufuliwa kwa jirani kisha nirudishwe."

 Kuku walikuwa wanalia kwenye tenga.

"Baba Moza."

"Naam."

"Kola ilikaa?"

"Ilikaa," Salehe alisema. "Ilikaa vizuri sana."

"Basi."

Walipotoka, Shaibu aliwasindikiza mpaka njiani. Akampa Salehe mkono. "Haya, karibu siku nyingine, bwana Salehe," alisema. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akimwita shemeji.

*

Jumamosi iliyofuata watu walikuja ukumbini wakakuta mlango umefungwa. Wakagonga, wakaimba "Baba Zaituni," wakaenda kutazama ngoma. *Nyumba Bila Jiko* ilikuwa imekwisha. Jairo hakupikia tena sufuria ile. Aliing'arisha kwa mchanga akaiweka juu ya ukuta.

Siku ya Uhuru wanawake wa mji walipita kwa maandamano, wameshona sare, wanaimba. Salehe alisimama mbele ya duka lililofungwa, na bendera ndogo mfukoni aliyoishona mwenyewe, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Mastura alipita mstari wa nne, akiwa na Moza. Alimwona. Akainamisha kichwa kama unavyomwamkia mtu wa mtaa mwingine.

"Hongera ya Uhuru, baba Moza."

"Na wewe pia, mama Moza. Hongera."

Moza alitaka kumkimbilia, mama akamwachia mkono. Salehe akamchutamia, akampa ile bendera.

"Baba, lini utakuja kutuchukua?"

"Tembea na wenzio," Salehe alisema. "Wanakuacha."

Wiki ile ile alimpa Jairo cherehani aipeleke Kirumba kwa mkokoteni. Hakuandika barua. Cherehani ile ndiyo iliyomsomesha Moza, na mpaka Mastura anafariki, watu walitoka Nyakato na Butimba kumfuata kwa ajili ya mishono yake. Hakuolewa tena.

Salehe aliwaaga wenzake kwenye jiko la uani. Jairo alimpa kisu chake cha samaki, Salehe akamwachia kandili. Naye Ngosha akaachiwa koti. Kisha akavuka pale Kigongo na sindano ya mkono, akaenda kutia vifungo na viraka kwenye magulio ya ng'ambo, na huko ndiko alikozikwa, miaka kumi na minne baadaye. Habari zilikuja kwa mdomo wa dereva.

*

Hapo ndipo karatasi za msimulizi zilipokuwa zimeishia juzi, alipokuwa akizisoma kwa watu wa barazani pale Buzuruga, kahawa ikipita. Watu wakaguna, mmoja akasema maskini. Msimulizi akanyoosha koti lake, akauliza kama desturi: "Haya, nani ananivua?"

Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa amesimama pembeni na kikapu chake tangu ukurasa wa pili, akasema, "Mimi."

Alikuwa Moza.

"Shikamoo, baba mkubwa Ngosha."

"Marahaba, mwanangu." Maana msimulizi ndiye Ngosha, na hilo barazani hakuna asiyelijua. "Unanikamatia wapi? Kwenye kiboko? Kiboko nakiri, sikumwona mwenyewe."

"Kiboko na radi ya Kigongo tumekuachia miaka yote. Nakuuliza mlevi."

"Mlevi gani?"

"Huyo wa melini. Umesema mlangoni alikuwa Bernadeta, anamnusa kila mtu, hata jumbe anarudishwa. Huyo mlevi wako alipita wapi?"

Mwenye kahawa akaacha kugonganisha vikombe.

"Mimi nilikuwepo," Moza akaendelea, bila kupandisha sauti. "Benchi la tatu. Sauti haikutoka nyuma ya ukumbi. Ilitoka mbele, nyuma ya pazia."

Msimulizi ana majibu mengi ya kila namna, na siku nyingine angempa matatu kwa mpigo. Siku hiyo akaweka karatasi zake chini.

"Kicheko kilikuwa kimepungua," alisema. "Nilikuwa nimekiandika mimi, mwanangu, halafu nakisikia kinakufa. Nilidhani atataja jina lolote. Nilidhani..." 

"Baba alijua ni wewe?"

"Alijua. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa ikimnong'oneza kila Jumamosi."

"Akakwambia nini?"

"Hakuniambia kitu. Aliniachia koti."

Moza akakaa kwenye benchi, kikapu mapajani. "Unajua, miaka yote hii nilifikiri ni mimi," alisema. "Nilimsemea mama ile suruali. Nikasema hapo ndipo nyumba ilipovunjika, kwa mdomo wangu. Nimezaa watoto wanne nikiwaambia nyamazeni mbele ya watu." Akanyoosha mkono. "Lete."

Ngosha akavua koti, akampa, akabaki na shati. Moza alilipokea, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono ya baba yake inayokwenda upande, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Kisha akamwomba kinyozi wa jirani wembe. Akaifumua kola, uzi kwa uzi, bila kukata kitambaa hata mahali pamoja, akaikunja akaitia ndani ya kanga yake.

Koti akamrudishia.

"La baba baki nalo, alikuachia mwenyewe," alisema. "Hii ni ya mama."

Akamwamkia tena kwa adabu, akachukua kikapu, akaelekea stendi. Ngosha akalivaa koti lake, akafunga vifungo vyote mpaka juu. Mwenye kahawa akamjazia kikombe bila kuambiwa, na shingoni upepo wa ziwa ukawa unaingia.